Fuwele imeharibika, au imeharibiwa?

Swali: Assalamu alaikum, Maalim. Mimi ni mtu wa Wete, nasomea kemia Uingereza. Kazi yangu ni fuwele (kristali) za protini. Tunazipiga eksirei, tunapata picha ya nukta nukta, na kwa nukta hizo tunajua protini ina umbo gani. Naandika kwa Kiswahili mwongozo mdogo wa kutafuta ubovu wa vyombo na wa data, uwafae wadogo zangu watakaokuja. Niliandika "fuwele imeharibika na mionzi", rafiki yangu akanikosoa: sharti iwe "imeharibiwa". Pengine nikaandika "ditekta imeharibiwa", yaani kile chombo kinachopokea picha, akanikosoa tena, eti "imeharibika". Nishike lipi?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Rafiki yako kapatia mara zote mbili, ila hakukupa sababu.

Kauli ya kutendeka hueleza hali iliyokikuta kitu, basi. Kauli ya kutendwa ina mtendaji nyuma yake, hata usipomtaja. Hapa kwetu tofauti hiyo tunaijua kwa umeme. Umeme ukikatika, mtaa mzima uko gizani na watu hutoka barazani kuulizana. Ukikatwa, giza ni la kwako peke yako na sababu unaijua. Unguja ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulisema umekatika, kwani ilikuwa hitilafu ya njia ya umeme utokao Bara, si mkono wa mtu.

Ndiyo maana "imeharibika na mionzi" inakwaruza sikio: "na" inaleta mtendaji, na kutendeka hakumpokei. Una njia mbili. Sema "imeharibiwa na mionzi", au bakisha kitenzi ubadilishe kiungo: "imeharibika kwa mionzi", kama tusemavyo mtu kafa kwa njaa au nguo zimechujuka kwa jua. Hii ya pili rafiki yako hakuitaja, na masikioni mwangu ndiyo tamu zaidi. Lakini katika mwongozo ningechukua ya kwanza. Mionzi kweli ndiyo inayotenda: hukata vifungo vya salfa ndani ya protini, na nukta za pembezoni mwa picha, zile zinazobeba habari ndogondogo, hufifia kabla ya nyingine. Mtendaji anajulikana, mtaje.

Ditekta ni habari nyingine. Ikiwa unachojua ni kwamba haitoi picha, andika "imeharibika". Ukiandika "imeharibiwa", msomaji atauliza na nani, na aliyekuwa zamu usiku ule ataisoma sentensi hiyo kama mashitaka. Ukitaka kulalama kwa niaba yako, lugha inayo nafasi yake: "nimeharibikiwa na ditekta". Hapo "na" haina ubaya, kwa sababu yaliyokufika yamekufika wewe, na ditekta ndicho kilichoharibika.

Nahisi mwongozo wako utakwama zaidi kwenye barafu kuliko kwenye mionzi. Fuwele huwekwa kwenye mkondo wa nitrojeni baridi, kiasi cha nyuzi 173 chini ya sifuri, ili mionzi isiimalize upesi. Hupoozwa kwa ghafla, tena ikiwa imetiwa kitu kama gliserini, maji yasipate nafasi ya kufanya barafu. Kwa hiyo "fuwele imegandishwa" ni hatua ya kazi: mtu kaikusudia. Pete nene zikijitokeza kwenye picha, hasa karibu na angstromu (kipimo cha urefu mdogo mno) 3.9, 3.7 na 3.4, hiyo ni barafu, na hapo useme "fuwele imeingia barafu", kama chombo kinavyoingia kutu. Ukiandika "imeganda" pote pawili, msomaji hatajua kama umempa maagizo au umempa dalili ya ubovu.

Kwenye data ni vivyo hivyo. "Kitovu cha mwale kimesogea", yaani pale mwale wa eksirei unapoipiga ditekta, maana yake umekikuta si pale kilipoandikwa. "Kimesogezwa" maana yake kuna aliyerekebisha chombo. Si jambo dogo: kitovu kikikosewa kwa nafasi ya nukta moja tu, programu yaweza kuipa kila nukta namba ya jirani yake na kuendelea na kazi kama kwamba hapana kitu, mpaka uje kustaajabu mbona nukta zilizopaswa kulingana hazilingani.

Tena usisahau kwamba kutendeka kuna maana ya pili, ya kuwezekana. "Faili halijafunguliwa" ni la kufunguliwa. "Faili halifunguki" limejaribiwa likakataa. Katika mwongozo wa matatizo hilo la pili utalihitaji kila ukurasa: picha hazisomeki, skrubu haikaziki, data hazilinganishiki.

Na kabla hujaandika kuwa mashine ni mbovu, weka fuwele ya lisozimu, ile protini ya ute wa yai la kuku ambayo wenzako huitumia kupimia vyombo. Ikitoa nukta safi, mashine ni nzima, na sentensi yako ianze na fuwele yako mwenyewe: "fuwele hii haitoi nukta."