Jibu: Mama mkwe anataka nitoe kijiti

Dada, pole. Umeuliza umjibu nini mama mkwe anayetaka utoe kijiti cha uzazi wa mpango ubebe mimba ya pili, na wa kwanza ana miezi tisa tu.

Hofu yake kwamba kijiti "kinafunga kizazi" haina msingi. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, kwa wengi ndani ya wiki chache. Nahisi anachanganya na sindano ya miezi mitatu. Hiyo kweli huchelewesha, wastani wa kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, ila nayo haileti ugumba. Na Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Lakini hujamtaja mumeo hata mara moja, na mimi naona kazi ni yake. Aseme na mama yake, tena aseme "tumeamua", si "mke wangu hataki". Maneno yaleyale ukiyatoa wewe, utaitwa mkaidi. Wewe endelea kumheshimu mama kama kawaida, akiligusa hilo mwambie aongee na mwanawe.

Halafu kadi ya kliniki usiiache mezani.