Mwanasaikolojia tiba anayepokea bima ya umma: mimi nilimpata hivi

Mkuu, umeuliza mwanasaikolojia tiba anayepokea bima ya afya ya umma anapatikana vipi, maana umepiga simu sehemu tano na kote wanataka keshi. Nimepita humo humo.

Nilianza kama wewe. Nikachukua orodha ya watoa huduma, nikapiga jina baada ya jina. Namba mbili hazipatikani, mmoja alishahama, mwingine akaniambia kwa upole kabisa kwamba mkataba wake na bima uliisha na hakuuhuisha, malipo yanachelewa mno. Siku ile nililala mchana kutwa. Yaani unatafuta msaada kwa sababu huna nguvu ya kufanya lolote, halafu unatakiwa upige simu ishirini!

Aliyenifungua macho ni dada wa dirisha la bima kwenye hospitali moja. Nikamuuliza, "Mna mwanasaikolojia anayepokea bima?" Akajibu hapana bila kuinua macho. Nimeshageuka, akaniita: "Kaka, umeandikiwa uende idara gani?" Nikamwambia sijaandikiwa popote. Akaweka kalamu chini. "Sasa je! Bima hapa haimlipi mtu, inailipa hospitali. Mwanasaikolojia yuko ndani ya idara ya afya ya akili, jina lake hulikuti kwenye orodha. Kaanze kwa daktari wa kawaida, akuandikie rufaa."

Kwa hiyo acha kutafuta jina, tafuta idara.

Kwa daktari nilipewa dodoso la kupima dalili za sonona, linaloitwa PHQ-9. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Nilishika kalamu nikijiandaa kutiki "siku chache" kila mstari, nisije nikaonekana mgonjwa kweli (ujinga, wakati ndicho kilichonipeleka). Nikajibu ukweli, nikapata 16. Usijipunguzie alama, kwangu ndiyo iliyoingia kwenye rufaa. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama mawazo hayo unayo sasa hivi, achana na rufaa na foleni, nenda kitengo cha dharura leo.

Dai langu la kwanza lilirudishwa, na sababu utacheka: daktari aliandika "msongo wa mawazo" basi. Bima walitaka namba ya ugonjwa. Alipoandika F32, ambayo kwenye ICD-10, orodha ya namba za magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni sonona, likapita. Kabla hujatoka kwa daktari, itazame hiyo karatasi.

Halafu wakanipeleka kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Si mtu mbaya, ila yeye kazi yake kubwa pale ilikuwa dawa, na mimi nilifuata tiba ya mazungumzo. Wengi mapokezi wanamchanganya yeye na mwanasaikolojia tiba, hivyo sema wazi unamtaka nani.

Jambo nililojutia ni kutouliza kibali cha bima kina vikao vingapi. Nilifika kikao cha saba, nimejipanga kumweleza mwanasaikolojia mambo ya baba yangu ambayo sijawahi kumwambia mtu, naambiwa mapokezi kibali kiliishia cha sita. Ombi la nyongeza lilikula wiki tatu. Anza kuliomba mapema, ukiwa bado na vikao viwili mkononi.

Ukikwama kabisa, ulizia vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia tiba. Vingine vina kliniki ambako wanafunzi wa ngazi za juu wanahudumia wakisimamiwa na walimu wao, na gharama huwa ndogo. Mimi sikufika huko, ila rafiki yangu alihudumiwa vizuri tu.

Foleni ipo, sikufichi. Niliambiwa miezi mitatu. Nikawa napiga kila Jumatatu asubuhi kuuliza kama kuna aliyeahirisha. Wiki ya tano wakanipigia wenyewe saa tatu, nafasi ni saa nne. Nilienda na ndala.