Jozi yako iliingiaje kwenye jedwali?

Wadogo zangu mnaoanza uzamili pale Mlimani, kila mwaka naletewa histogramu ileile. Uwiano wa matungamo ya nyota jozi (nyota mbili zinazozungukana), yaani la mdogo kwa la mkubwa, sifuri hadi moja, na mnara mrefu umesimama kwenye moja. Chini yake mmeandika kwa furaha kwamba nyota jozi hupenda kuzaliwa zikiwa sawa. Nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

Kwanza, ulizeni kila jozi iliingiaje kwenye jedwali. Mmechagua zile ambazo spektra yake, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi, ina mistari ya nyota zote mbili, maana ndizo zinazotoa uwiano moja kwa moja. Sawa. Sasa chukueni nyota kama Jua na mwenzake mwenye nusu ya tungamo hilo. Mng'ao hupanda takriban kwa tungamo kipeo cha 3.5, kwa hiyo huyo mdogo anatoa chini ya sehemu ya kumi ya mwanga wa mkubwa. Fungueni spektra yenyewe, msiishie kwenye jedwali: mistari ya mkubwa ina kina na inaonekana wazi, inahama kushoto na kulia usiku hadi usiku, na ya mdogo ni mikwaruzo inayomezwa na kelele. Jozi hiyo ikaandikwa kuwa ya mistari ya nyota moja, nanyi mkaitupa mlipochuja. Ni sawa na kusimama Kariakoo, ukahesabu wanandoa waliovaa sare ya kitenge kwa sababu ndio unaowatambua, kisha ukatangaza kwamba wanandoa wote wa Dar huvaa sare.

Na bado. Katalogi ikiwa na kikomo cha mng'ao, yaani ikiorodhesha tu zinazoonekana ang'avu vya kutosha kutoka hapa, nyota mbili zinazolingana hutoa mwanga maradufu, zikaonekana hadi umbali wa mara 1.4, yaani ujazo wa mara 2.8. Mwanaastronomia Ernst Öpik wa Estonia aliligusa jambo hili tangu miaka ya 1920! Sisemi nyota zinazolingana hazina ziada yoyote. Ipo, hata baada ya masahihisho. Ila kutoka kwenye mchoro wenu hamwezi kujua ni kiasi gani. Tengenezeni jozi za bandia za kila uwiano, zipitisheni kwenye vichujio vyenu vyote, mhesabu zilizosalia.

Pili, msigawe kila jozi ya mistari ya nyota moja kwa 0.59 ili kuondoa sini ya mwinamo (pembe inayoonyesha obiti imelalaje mbele yetu) kipeo cha tatu, ambayo wastani wake ni huo 0.59. Wastani huo ni wa obiti zilizoelekea kila upande, ilhali obiti tunayoitazama kutoka juu kabisa haionyeshi mwendo wowote wa kutukaribia au kutuacha, hivyo haikuingia kwenye sampuli.

Tatu, kwa jozi za kuonekana, zile ambazo darubini inazitenganisha nyota zake mbili, kosa la asilimia 10 kwenye paralaksi (kuhama kwa nyota machoni petu Dunia inapozunguka Jua, ambako hutupa umbali) ni kama asilimia 30 kwenye tungamo.

Nne, Gaia, darubini ya angani ya Ulaya iliyopima mahali pa nyota. Kuna kijana hodari sana alikesha akitafuta sababu ya kifizikia ya pengo kwenye obiti zenye kipindi cha karibu mwaka mmoja, katika data ya 2022. Alishafika kwenye mawingu ya gesi. Nikamwambia, mdogo wangu, Dunia nayo inazunguka Jua kwa mwaka mmoja. Kuyumba kwa jozi yenye kipindi hicho kunafanana na paralaksi, na programu inashindwa kuvitenganisha. Akanyamaza, akafuta kurasa zile, akaanza upya na vipindi vya chini ya miezi sita. Sura hiyo sasa inakwenda vizuri.