Umeme wa karakana ya mbao nyumbani: maswali yenu na majibu

Safari hii nimechukua maswali ya maseremala wanaofanyia kazi nyumbani hapa Goma. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na karakana haikosi vumbi la randa. Waya ukipata moto ukutani, jirani naye anaungua. Kwa hiyo penye hatari nitasema kwa urefu.

*Papa Fundi, nina msumeno wa meza wa nguvu za farasi 3. Kila nikiuwasha, disjonkta ya ampea 16 inaanguka. Rafiki ananiambia niweke ya 32. Ni sawa? (Seremala, Ndosho)*

Hapana, ndugu yangu, nakuomba usiiweke. Disjonkta (wengine huiita breka) kazi yake ni kulinda waya uliopita ukutani. Waya wa milimita 2.5 za mraba usibebeshwe zaidi ya ampea 20. Ukiufungia disjonkta ya 32, waya utachemka ndani ya mbao na disjonkta itakaa kimya.

Farasi 3 ni kama wati 2,200. Mota ya namna hiyo ikishachanganya huvuta ampea 13 hadi 15 kwenye umeme wetu wa volti 220. Lakini wakati wa kuwaka huvuta mara 5 hadi 7 ya hapo, kwa kitambo kidogo tu. Sasa angalia disjonkta yako: mbele ya namba kuna herufi. Namba ni mzigo wa kudumu, herufi ni uvumilivu wake kwa ule mshtuko wa kuwaka. B hukata papo hapo mzigo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Nadhani yako ni B16, au msumeno unashirikiana laini na friji ya mama watoto.

Vuta laini mpya kutoka kwenye kofre (sanduku la disjonkta), waya wa milimita 4, na disjonkta C20. Isilishe kitu kingine. C ikikataa, ndipo uangalie D, na hapo umwite fundi apime kwanza.

*Karakana yangu ina msumeno, mashine ya kuranda, feni ya kufyonza vumbi na taa 4. Laini moja nene haitoshi? (Kijana, Himbi)*

Jiulize ni vitu gani vinawaka kwa wakati mmoja. Ukifanya kazi peke yako, hutapasua na kuranda kwa pamoja, lakini feni ya vumbi huwaka muda wote mashine inapofanya kazi. Basi feni iwe na laini yake na mashine ziwe na yake. Ukiweza, kila mashine kubwa na yake.

Taa usizichanganye na mashine hata kidogo. Chukua saa 12 na nusu jioni: ubao unabana, disjonkta inaanguka. Taa zikiwa kwenye laini hiyo hiyo, unabaki gizani, mikono ikiwa karibu na meno ya msumeno ambao bado unazunguka kwa kasi yake ya mwisho. Waya wa milimita 1.5 na disjonkta ya 10 vinakutoa kwenye hatari hiyo, na bei yake ni ndogo.

*Kibanda changu kiko mita 30 kutoka kwenye nyumba. Natumia ralonji (waya wa kurefusha). Asubuhi mota inawaka vizuri, jioni inanguruma tu bila kuzunguka. (Fundi vitanda, Katoyi)*

Zima mara moja ukisikia mngurumo huo. Mota iliyosimama huku inavuta umeme huungua kwa dakika chache.

Jioni mtaa mzima unapika na kuwasha taa, volti zinashuka. Nguvu ya mota kujizungusha hushuka zaidi kuliko volti zenyewe: zikitoka 220 zikafika 180, inabaki kama theluthi mbili tu. Ralonji nayo inaongeza lake. Waya wa milimita 2.5 wa mita 30, kwenda na kurudi, hula volti 6 au 7 kwa ampea 15. Wakati wa kuwaka, ampea zikifika 75, hula zaidi ya 30. Vuta kebo ya kudumu ya milimita 6 na hasara hiyo itapungua kupita nusu. Kama ralonji ya kuviringisha ni ya lazima kwa sasa, ifungue yote chini. Ikibaki imezungushwa, joto lake halina pa kutokea.

*Nyumba yangu imejengwa juu ya mawe ya volkano ya 2002. Fimbo ya tere (ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) imepinda kabla haijafika nusu mita. Niiache tu? (Mama mwenye karakana, katikati ya mji)*

Usiiache, mama. Tatizo lako ni la wengi mjini, na mimi lilinifika mwilini. Nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi. Asubuhi moja ya mvua nilishika meza ya chuma ya mashine ya kuranda na vidole vikajifunga vyenyewe. Sikuweza kuachia wala kupiga kelele. Mwenzangu aligonga swichi kuu kwa kipande cha ubao. Ile mashine ilikuwa na fimbo ya tere.

Hesabu yake ni hii. Mawe yale meusi hayapitishi umeme vizuri. Tuseme tere yako ina ukinzani wa ohmu 100. Waya wa fazi (ule wenye umeme) ukigusa bodi ya mashine, 220 gawa kwa 100 ni ampea 2.2. Disjonkta ya 16 haioni kitu, na bodi inabaki na umeme siku nzima ikikusubiri. Anayeona ni difransiele ya miliampea 30: hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika hapo hukata kabla moyo haujadhurika. Ukiwa nayo, ohmu 100 zinatosha kabisa.

Kwa hiyo nunua difransiele kwanza. Kisha, badala ya kupiga fimbo wima, chimba mtaro mahali panapopokea maji ya paa, ulaze humo waya mtupu wa shaba wa milimita 25 za mraba, mita 10 au zaidi, na uufunike kwa udongo mweusi ulioletwa. Changarawe ya volkano haifai. Kila mwezi bonyeza kitufe chenye T. Kikibonyezwa bila kukata, badilisha difransiele.

*Umeme ukikatika nasahau kuzima, ukirudi mashine inajiwasha. (Sake)*

Weka swichi yenye sumaku, ile ya vitufe viwili, kijani na nyekundu. Umeme ukikatika inajiachia, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Kwa namna umeme wetu unavyokuja na kuondoka, mashine isiyo na swichi hiyo mimi siigusi.

*Nimepewa mota ya fazi tatu. Nyumbani nina fazi moja. (Keshero)*

Soma kibandiko chake. Kikiandikwa 220/380, fundi anaweza kuifunga kwa pembetatu na kuilisha kwa variata (kifaa kinachotoa fazi tatu) inayopokea fazi moja ya 220. Itafanya kazi kwa nguvu yake yote. Kwa kapasita pia huzunguka, ila hupoteza karibu theluthi. Kikiandikwa 380/660, iuze.

*Nitajuaje waya wa shaba halisi? (Birere)*

Nenda na kisu. Omba ncha ya waya, kwangua uzi mmoja. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe chini ya rangi, ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo mrudishie mwenye duka, hata akikupunguzia bei.