Kurekodi urithi wa Waserbia: ushauri kwa anayeanza filamu ya makala

Wengi wanaoanza huingia Serbia na orodha ndefu: monasteri, ngoma ya kolo, chombo cha muziki cha gusle, mazulia ya Pirot, tarumbeta za Guča, Nikola Tesla, kisha mahojiano ya watu watano wakieleza utambulisho ni nini. Hurudi na picha nzuri zisizoshikana. Chagua jambo moja ambalo mtu analifanya kwa mikono au kwa sauti yake, ulifuate tangu matayarisho hadi mwisho. Dakika 20 za filamu zitajaa zenyewe. Ukimwuliza mtu moja kwa moja yeye ni nani, atakujibu kama alivyofundishwa shuleni. Mwache akande mkate huku anaongea, utayasikia usiyoyatarajia.

Kwa anayeanza, hakuna kinachofaa kuliko slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia. Kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwaka 2014 slava ilikuwa ya kwanza kutoka Serbia kuingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Shika kalenda kwanza: Kanisa la Serbia hufuata kalenda ya zamani, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Mtakatifu Nikola, anayekumbukwa na Wakatoliki tarehe 6 Desemba, kwao ni 19 Desemba, na Krismasi ni 7 Januari. Siku nyingine zinazoshikwa na koo nyingi ni 21 Novemba, 20 Januari na 6 Mei.

Mezani utakuta vitu vinne: mshumaa, divai nyekundu, mkate uitwao slavski kolač, na koljivo, yaani ngano iliyochemshwa ikachanganywa na sukari na jozi zilizosagwa. Mgeni akiingia hupewa kwanza kijiko cha koljivo. Nanyi wapiga picha onjeni kabla ya kunyanyua kamera, la sivyo mtabaki watu wa nje hadi usiku. Kukata mkate huchukua dakika chache tu: padri na wenyeji huuzungusha mikononi, hukatwa kwa umbo la msalaba na kumiminiwa divai. Hilo halirudiwi, na usithubutu kuomba lirudiwe. Ukiwa na kamera mbili, moja ikae kwenye stendi ione nyuso zote, nyingine ifuate mikono. Ukiwa na moja, iache kwenye picha pana bila kuisogeza. Picha za karibu za mkate na mshumaa zichukue kabla padri hajafika. Jambo ambalo wengi hulikosa ni siku moja kabla, jikoni, mkate unapopambwa kwa unga. Mazungumzo ya maana mara nyingi yako huko, kwa mama na bibi wa nyumba.

Chakula nacho ni ushahidi. Siku ya Mtakatifu Nikola huangukia ndani ya mfungo wa Krismasi, kwa hiyo mezani ni samaki, maharage na vyakula visivyo na nyama, mayai wala maziwa. Mhariri akichomeka hapo picha ya nguruwe wa kuchoma aliyoitoa kwenye slava nyingine, Mserbia yeyote ataliona kosa hilo papo hapo, na ataanza kuitilia shaka filamu nzima.

Wageni wa slava hawaalikwi, huja wenyewe kuanzia mchana. Kwa hiyo ridhaa ya kurekodi panga na mwenye nyumba wiki moja kabla, umwombe awaarifu ndugu na majirani, na utenge upande mmoja wa meza usioonekana kwenye kamera kwa wasiotaka kurekodiwa. Usisimame mlangoni na fomu.

Desemba jua huzama Belgrade mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo sehemu kubwa utairekodi kwa taa na mishumaa. Tumia lenzi inayofunguka hadi f/2 au zaidi. Umeme wao ni wa hezi 50 kama wa kwetu: weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, vinginevyo taa zitachezacheza kwenye picha. Rangi ya mwanga iweke mwenyewe, karibu 3200K. Ukiiachia kamera, sura ya mtu itabadilika rangi kila mshumaa unapopita mbele yake. Baridi ni tatizo jingine ambalo anayetoka pwani halifikirii. Kamera iliyotoka nje kwenye theluji ikiingia jikoni penye joto, lenzi hufunikwa na ukungu. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kisha uiache humo nusu saa baada ya kuingia. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza upesi.

Ukichagua gusle, kazi yako kubwa ni sauti. Ni chombo cha uzi mmoja wa nywele za mkia wa farasi, hupigwa kwa upinde, na mpigaji ndiye mwimbaji. Maiki ya kubana kifuani hunasa mkwaruzo wa upinde kuliko maneno. Weka moja mbele ya mdomo, kama sentimita 70, na nyingine chini ikielekea ngozi ya gusle. Zima kipimo cha sauti cha kujiendesha: mwimbaji huanza chini na kupanda polepole, na kipimo hicho kitausawazisha mpando wote. Acha nafasi, kilele kisivuke desibeli -12. Shairi linaweza kuzidi nusu saa, na ukimkatiza katikati, hali aliyokuwa nayo haitarudi.

Kila mstari wa mashairi hayo ya kishujaa una mizani 10, na kituo baada ya mizani ya 4. Sikio lililolelewa na utenzi litalinasa hilo mapema, nawe litumie unapohariri: kata mwishoni mwa mstari, kamwe si kabla. Tafsiri iwe mstari mmoja kwa mstari mmoja, isizidi herufi 42. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo yanayorudiwa yapunguze. Ukihitaji historia, inatosha Filip Višnjić, mwimbaji kipofu ambaye Vuk Karadžić, mkusanyaji wa nyimbo za watu, alinakili nyimbo zake mwaka 1815 katika monasteri ya Šišatovac. Lakini usiandike kwamba gusle ni ya Waserbia peke yao; Montenegro, Bosnia na Waalbania wa milimani wana mila iyo hiyo, na dai la namna hiyo litakuletea ugomvi usio na faida kwa filamu.

Majina nayo huponza. Kiserbia hubadilisha miisho ya majina: mtu akisema "u Studenici" mahali penyewe ni Studenica, na Petar akiitwa huwa Petre. Jina la kuandika kwenye skrini mwombe mhusika aliandike mwenyewe, ukaangalie kama fonti yako ina č, ć, š, ž na đ.

Monasteri zinahitaji maneno machache: omba baraka ya mkuu wa nyumba kwa barua, kwa sababu wanaoishi pale wanasali, na michoro ya ukutani ya monasteri ya Studenica ya mwaka 1208 na 1209 haivumilii mwanga wa flashi wala taa za joto.

Msanii anayechota kwenye urithi usimfanye aseme "mizizi yangu inanihamasisha". Weka chanzo na kazi yake bega kwa bega. Mtunzi Stevan Mokranjac alitunga Rukoveti 15, yaani mashada ya nyimbo za kwaya, kutokana na nyimbo za watu; mrekodi bibi akiimba wimbo mmoja peke yake, kisha kwaya ikiuimba wimbo uleule, na msikilizaji atapima mwenyewe.

Kumbukumbu za zamani zipo Filmske novosti, hifadhi ya filamu za habari iliyoko Belgrade, zikiwemo za enzi ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Tito, rais wa Yugoslavia ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, alizuru Tanzania na Kenya mwaka 1970, kwa hiyo anayetaka kuunganisha pande hizi mbili ana pa kuanzia. Omba bei tatu tofauti: ya utafutaji, ya kuhamisha filamu kwenda dijitali, na ya haki ya matumizi kwa kila dakika. Na unapotafuta, andika majina jinsi Waserbia wanavyoyaandika kwa kuyasikia: Njerere, Kenijata, Najrobi, Tanzanija. Tafuta pia kwa herufi za Kisirili, kwa kuwa kadi nyingi za zamani zimeandikwa hivyo.