Umeme ukirudi, mashine yako itafanya nini?

Wenye mashine wengi wakija kuniuliza swichi ya kununua, huanza na bei. Mimi nimefunga umeme kwenye vinu vya mpunga Igurusi na mashine za mbao Mafinga, na swali langu la kwanza ni lingine: umeme ukikatika ukarudi ghafla, mashine inajiwasha?

Swichi ya mkono, ile ya kupandisha na kushusha, hubaki ulipoiacha. Umeme unakatika, msumeno unasimama, kijana anainama kuchomoa ubao uliokwama. Umeme ukirudi, msumeno nao unarudi. Swichi hiyo ni ya kutenga mashine na umeme wakati wa matengenezo, ikitiwa kufuli na ufunguo ukikaa mfukoni mwa fundi.

Ya kuwashia iwe kontakta, yaani swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme, yenye vitufe viwili, kijani na chekundu. Umeme ukikatika, koili, ile sumaku ya ndani, inaachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kijani. Chini yake funga ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, uiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Ikikata mara kwa mara tafuta sababu. Kuipandisha ampea ni kuiunguza mota.

Dukani soma ubavu wa kontakta. Kuna namba ya AC-1, ya mizigo kama hita, na ya AC-3, ya mota. Muuzaji atakutajia kubwa. Kontakta ya ampea 25 kwa AC-1 inaweza kuwa ya ampea 9 tu kwa mota, wakati mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu hula kama ampea 15, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo.

Kitufe cha dharura, kile chekundu cha kichwa cha uyoga, kikae anapofikia mwendeshaji, si ukutani kwenye paneli. Kifungwe kwenye waya wa koili, ili hata waya ukikatika mashine isimame. Penye vumbi la mbao tafuta boksi la IP65, lisilopitisha vumbi.

Pampu ya tangi ndiyo naiacha ijiwashe, kwa floti swichi, ile inayowasha na kuzima kufuata kina cha maji. Bandika onyo tu.

Fundi akimaliza, kabla hujamlipa, washa mashine ikiwa tupu, shusha mein swichi, kisha ipandishe. Ikianza yenyewe, mwambie afungue tena paneli.