Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Mchaichai na Usajili wa Kemikali Ulaya

SWALI: Mhariri, nina kiwanda kidogo cha kutoa mafuta ya mchaichai kwa mvuke wilayani Muheza. Mnunuzi wangu wa Hamburg, ambaye mwaka jana alichukua kilo 400, sasa anadai namba ya usajili ya Ulaya kabla ya kuagiza tena. Mafuta yangu ni ya mmea, sijayachanganya na chochote, na hati za Mkemia Mkuu wa Serikali ninazo. Je, ninalazimika kusajili? Na nikisajili, nitaweza kuuza London pia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, sheria hiyo haikubani wewe moja kwa moja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1907/2006, inayojulikana kwa kifupi kama REACH na iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2007, inamtaka mtengenezaji aliye ndani ya Umoja, au mwagizaji anayeingiza mzigo kutoka nje, asajili kwa Wakala wa Kemikali wa Ulaya, wenye makao yake Helsinki, kila kemikali inayofikia tani 1 kwa mwaka. Kwa hiyo anayewajibika ni mnunuzi wako. Hati za Mkemia Mkuu ni za lazima hapa nyumbani, lakini huko hazichukui nafasi ya usajili.

Kilo 400 ni chini ya tani, lakini hesabu hufanywa kwa mwagizaji, wala si kwa kila muuzaji. Akinunua kwako kilo 400 na mwaka huohuo akachukua kilo 700 za mafuta ya aina hiyohiyo kutoka India, atakuwa na kilo 1,100, na anapaswa awe amesajili kabla ya kuvuka tani. Muulize basi anaingiza kiasi gani kwa jumla, na anayatumia kwa kazi gani. Swali hilo la pili lina uzito mkubwa, kwa sababu kiasi kinachokwenda kutia ladha kwenye chakula au vinywaji hakidaiwi usajili, ilhali kinachoingia kwenye sabuni na manukato kinadaiwa.

Hoja yako kwamba mafuta ni ya mmea ina msingi, ila haitoshi. Kanuni inakitambua kitu kilichotolewa kwa mvuke kuwa cha asili na inakisamehe usajili, lakini msamaha huo hufutika pale kitu hicho kinapotimiza vigezo vya kuwa hatari. Sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai ni sitrali, ambayo Ulaya imeiorodhesha rasmi kuwa huwasha ngozi na huweza kusababisha mzio. Hapo ndipo wazalishaji wengi wa mafuta ya mimea hukwama, na nasikitika kwamba wengi huambiwa habari hiyo mzigo ukiwa tayari umefungwa.

Ukiona una wanunuzi kadhaa Ulaya, ipo njia ya kumteua mwakilishi pekee, yaani mtu au kampuni iliyo ndani ya Umoja, asajili kwa niaba yako. Wanunuzi wako kwa mzigo huo huondokewa na wajibu wa waagizaji, na ada ya Wakala hukadiriwa kwa ukubwa wa kiwanda chako, si wa kampuni ya mwakilishi. Njia hii ni ya mzalishaji. Mchuuzi anayenunua mafuta kwa wengine na kuyasafirisha tu hawezi kuitumia. Usajili wa kemikali moja hufanywa kwa pamoja, hivyo waliotangulia watakuuzia haki ya kutumia takwimu zao, na kanuni inataka gharama zigawanywe kwa haki, kwa uwazi na bila ubaguzi; una haki ya kudai mchanganuo wa bei. Katika mkataba na mwakilishi, andika wazi kwamba mkiachana atamkabidhi mrithi wake usajili huo, la sivyo utaanza upya na kulipa upya.

Jihadhari na wanaouza “cheti cha REACH”. Kanuni haina cheti cha namna hiyo, na karatasi hiyo haichukui nafasi ya namba ya usajili.

Hata chini ya tani 1, mafuta yaliyoainishwa kuwa hatari lazima yawe na lebo sahihi na karatasi ya taarifa za usalama, ambayo Ujerumani huitaka kwa Kijerumani. Mpe mnunuzi matokeo ya maabara yanayoonyesha asilimia ya sitrali, maana bila hayo hawezi kuijaza.

Kuhusu London, usajili wa Umoja wa Ulaya haufiki huko. Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza ina mfumo wake, unaosimamiwa na mamlaka yake ya afya na usalama kazini, na mnunuzi wa huko atahesabu tani zake upya. Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyobaki chini ya kanuni ya Ulaya.